Kijana wa Kisangani aliyechora ziwa letu

Bamama, wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa masomo uliopita, hapa Kalemie, mwaka wa nne primere. Nilikuwa ninakusanya kaye za hesabu ili nikosoe nyumbani. Nikafika kwenye kaye ya msichana mmoja ambaye mara nyingi haleti kazi. Mbele kulikuwa na kurasa tatu za hesabu, nusu yake makosa. Nikaigeuza kaye juu chini, na nyuma nikakuta kurasa 14 za picha. Mamba anafukuza askari. Mama mmoja mnene anagombana na mtoza kodi wa soko juu ya beseni la ndagala. Picha zote za biki ya bleu, zimebanana mpaka pembeni ya karatasi.

Nilikasirika. Kaye ni franga, na mimi najua ni mama gani aliyeitoa. Nikachana zile kurasa mbele ya darasa lote, kisha nikamtuma mtoto amwite mama yake.

Mama alikuja kesho yake asubuhi kabla ya kwenda sokoni, kikwembe kimefungwa vizuri, beseni ameliacha mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: “Madamu, miye nilijua. Huyu mutoto masomo haiingie mu kichwa. Nitamutoa, anisaidie ku soko. Wadogo yake watasoma.” Alisema bila uchungu, kama mtu ambaye hesabu yake aliimaliza usiku. Ni kweli, tangu 2019 shule za primere za serikali hazitozi tena minervali. Lakini kaye, uniforme na viatu bado ni juu yetu, na mikono miwili ya msichana wa miaka kumi sokoni ni kitu kinachoonekana jioni pesa zikihesabiwa.

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe muda mpaka mwisho wa mwezi, nikarudi nyumbani na zile kurasa ndani ya mkoba.

Usiku nilizipanga mezani, na hapo nikaona kitu ambacho mchana hasira ilinizuia kukiona. Zilikuwa hadithi. Kila ukurasa umegawanywa visanduku, na visanduku vinafuatana. Ndagala mmoja anayeanguka toka kwenye beseni katika kisanduku cha pili, katika kisanduku cha tano yuko mdomoni mwa paka, na katika kisanduku cha mwisho, wakati mama na mtoza kodi bado wanapiga kelele, paka amelala ameshiba. Mtoto niliyeandika kwenye biltini yake kwamba “haelewi anachosoma” alikuwa ameshika uzi wa hadithi kurasa mbili nzima bila kuuachia.

Nilimwambia mwenzangu mmoja anayefundisha historia sekondere. Akacheka, na siku ya pili akaniletea kitabu kikubwa cha picha, jalada gumu, alichokiletewa na ndugu yake kutoka Ulaya. “Soma hiki kwanza,” akasema, “ni mambo ya hapa hapa ziwani.” Kitabu kinaitwa Madame Livingstone. Mchoraji wake ni Barly Baruti.

Mtoto wa Kisangani

Sikio letu la Kiswahili likisikia Baruti linasikia unga wa bunduki. Jina lake kamili ni Baruti Kandolo Lilela, na alizaliwa Kisangani tarehe 9 Desemba 1959, wakati mji bado unaitwa Stanleyville na uhuru umebakiza miezi sita na kidogo. Utoto wake ni utoto wa mji uliopigwa na vita. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka, na alikuwa hajafika miaka mitano. Watoto waliozaliwa katika miji yetu ya mashariki wanajua maana yake, na sina haja ya kuieleza kwa bamama wa Tanganyika.

Wakati anakua, bede haikuwa kitu kigeni kwetu. Ninaposema bede ninataka kusema hadithi za michoro, zile ambazo Wafaransa wanaziita bande dessinée. Kinshasa, tangu miaka ya 1960, vijana walikuwa na gazeti lao, Jeunes pour Jeunes, lenye hadithi za picha zilizoongea lugha ya mtaani. Katika miaka ya 1970 Mongo Sissé alichora vituko vya Mata Mata na Pili Pili, yule mnene na yule mwembamba, ambao wazee wetu walikwisha kuwaona kwenye sinema za wamisionari. Kwa hiyo Baruti hakuanza shamba jipya. Alikuta watu wanalima tayari.

Vitabu vyake vya mwanzo ni vya kufundisha, na mimi kama mwalimu jambo hilo linanifurahisha kuliko mengine. Mwaka 1982 ulitoka Le Temps d’agir, maana yake wakati wa kutenda umefika, kuhusu kutunza misitu na wanyama. Kumbukeni ni 1982, wakati watu wachache sana walikuwa wanazungumza habari za mazingira. Miaka mitano baadaye zilitoka bede zake mbili Kinshasa. Moja ni La Voiture, c’est l’aventure, ambayo jina lake tu linamtosha mtu yeyote aliyepanda gari barabara za Kongo. Nyingine ni kuhusu Papa Wemba na kundi lake Viva la Musica. Si ajabu, maana Baruti mwenyewe ni mwanamuziki, anaimba na kupiga gita mpaka leo. Kuna watu ambao mikono yao haijui kukaa.

Kujifunza kwa Mbelgiji aliyetuchora vibaya

Katika miaka hiyo ya 1980 Baruti alipata nafasi ya kwenda Ulaya kujifunza zaidi, na akafika mpaka Brussels, ndani ya studio ya Hergé. Hergé mwenyewe alikufa 1983. Ni yule aliyemzaa Tintin, kijana mwenye nywele zilizosimama mbele.

Bamama, hapa naomba tusimame kidogo, maana wengi wenu mnaujua ule mchongo wa mti wa Tintin ambao mafundi wetu wanauuzia wageni. Tintin alikuja Kongo katika hadithi iliyoanza kutoka kila wiki katika gazeti moja la Ubelgiji mwaka 1930. Mchoraji wake alikuwa na miaka 23 tu na alikuwa hajawahi kukanyaga Kongo. Hajawahi kuikanyaga mpaka kufa kwake. Alituchora midomo mikubwa, macho ya mshangao, watu wazima wenye akili ya watoto. Katika toleo la kwanza Tintin anaingia darasani kwa wamisionari na kuwafundisha watoto wa Kongo kuhusu nchi yao. Nchi gani? Ubelgiji! Mwaka 1946, Hergé alipokichora kitabu upya kwa rangi, hilo somo likaondolewa na mahali pake pakawekwa hesabu ya kujumlisha, rahisi kabisa, na darasa zima halina jibu.

Nilipoiona picha hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi kwenye taasisi ya ualimu. Nilicheka pamoja na wenzangu, halafu nikajiuliza ninacheka nani. Mwaka 2007 Mkongo mmoja anayeishi Brussels, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishtaki kitabu hicho kwamba ni cha ubaguzi. Kesi ilichukua miaka, na mwaka 2012 ikakataliwa. Kitabu bado kinauzwa.

Basi Mkongo kijana anaingia studio hiyo hiyo kama mwanafunzi. Angeweza kukataa. Mimi sijui kama ningeweza kuketi hapo. Yeye alichukua ufundi, yaani mstari safi, gari lenye vis zake zote mahali pake, nyumba ambayo ukihesabu madirisha yake ukurasa huu na ukurasa ule yanalingana. Akaacha yale mengine. Angalieni nyuso katika vitabu vyake. Kila Mwafrika ana uso wake mwenyewe, mmoja ana kovu, mwingine ana kitambi, mwingine amechoka. Kwa mtoto anayesoma hiyo ni shule kubwa, hata kama hakuna maneno.

Kinshasa iliyobomoka

Alirudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye na wenzake walifungua Kinshasa karakana ya wachoraji waliyoiita ACRIA, mahali pa kubuni, kutafiti na kuwaingiza vijana katika sanaa. Mwaka 1991 wakaandaa tamasha la bede la Afrika hapo hapo Kinshasa. Mnakumbuka 1991 ilikuwaje. Septemba ya mwaka huo askari waliingia mitaani, watu wakawafuata, maduka yakaporwa mpaka misumari. Pesa ilikuwa inapoteza thamani kati ya asubuhi na jioni. Katika hali hiyo watu wanakaa chini kufundisha vijana kuchora!

Usifikiri walikuwa wachoraji peke yao mjini. Wakati huo huo Papa Mfumu’Eto alikuwa anatoa vijitabu vyake vya Kilingala, karatasi mbaya, bei ndogo, na watu wa masokoni walivigombania. Kile kilichompa jina mwaka 1990 kilikuwa juu ya chatu aliyemmeza mwanamke Kinshasa. Baruti na Mfumu’Eto ni watu wawili tofauti kabisa. Mmoja anachora kwa ajili ya kitabu cha jalada gumu, mwingine kwa ajili ya mkono wa muuza mikate. Mimi nikiambiwa nichague kimoja kwa darasa langu, kwa ukweli nisingejua. Vitabu vya Baruti ni vizuri kuliko vyote, lakini ni vya Kifaransa, na albamu moja ya huko Ulaya haipungui dola 15. Kwa pesa hizo ninapata kaye za nusu ya darasa.

Mwishowe naye alihamia Ulaya, kama wengi. Huko alifanya kazi na mwandishi Mfaransa Frank Giroud. Kwanza mfululizo wa Eva K. kati ya 1995 na 1998, halafu Mandrill, vitabu saba kati ya 1998 na 2007. Ndivyo jina lake lilivyojulikana kwa wasomaji wa Ufaransa na Ubelgiji. Sitakaa sana hapo. Ni kazi nzuri, mkono wa fundi, lakini alikuwa anachora hadithi za mtu mwingine. Kilichonishika mimi ni kile alichofanya baadaye, alipogeuza uso tena kuelekea nyumbani.

Mwanaume mwenye sketi

Madame Livingstone kilitoka mwaka 2014, Baruti akishirikiana na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Hadithi yake ni hii. Ni wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Rubani Mbelgiji, luteni Gaston Mercier, anatumwa kwenye Ziwa Tanganyika. Kazi yake ni kuzamisha meli kubwa ya Wajerumani inayotawala maji. Anahitaji mtu wa kumwongoza, na anayepewa ni chotara mmoja wa ajabu anayetembea amevaa sketi ya Waskoti. Watu wamempa jina la dhihaka, Madame Livingstone, maana yeye anasema ni mtoto wa Livingstone, yule msafiri Mwingereza. (Nilipiga hesabu. Livingstone alikuwa ng’ambo, pale Ujiji, mwaka 1871, na alikufa 1873. Kama ni kweli, huyo bwana sasa ana zaidi ya miaka 40. Inawezekana!) Mwanzo rubani anamdharau. Kadiri safari inavyoendelea anatambua kwamba kiongozi wake anaijua nchi, anawajua watu, na anayajua mambo ambayo jeshi lake halina habari nayo.

Watu wa kitabu ni wa kubuniwa, lakini meli ni ya kweli, na hapa bamama wa kando ya ziwa mtaielewa kuliko msomaji yeyote wa Paris. Iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikabomolewa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena na kuteremshwa majini 1915. Upande wetu, Wabelgiji walileta ndege nne za kutua juu ya maji, walizopewa na Waingereza. Waliziunganisha karibu na hapa, na Juni 1916 zikaenda kutupa mabomu Kigoma. Mwezi uliofuata, tarehe 26 Julai, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe ili isichukuliwe. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza walipoitoa chini mwaka 1924 mashine zilikuwa bado nzima. Mwaka 1927 ikarudi kazini, na jina jipya likawa Liemba.

Ndiyo, Liemba ile ile! Ile iliyotumiwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1997 kurudisha nyumbani Wakongo zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbilia ng’ambo. Kati yenu mnaosoma hapa kuna waliopanda meli hiyo na mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Mlikuwa juu ya meli ya vita ya mfalme wa Ujerumani.

Nilisoma kitabu kwa usiku mbili. Halafu nikafanya jambo ambalo mkuu wangu asingelipenda kama angeniuliza mapema. Jumamosi alasiri, badala ya kumwita tena yule mama shuleni, nilikwenda kwake na kitabu chini ya kwapa.

Yeye hasomi Kifaransa. Hasomi kabisa, aliachishwa shule mwaka wa pili primere. Nilikifungua juu ya mkeka, binti akaketi pembeni akiogopa, akifikiri nimeleta kesi nyingine. Mama aligeuza kurasa mbili tatu kwa adabu tu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Akafika kwa mwanaume mwenye sketi. “Na huyu naye! Madamu, ni mwanaume?” Akacheka mpaka akafuta macho na kitambaa. Kutoka hapo hakuniachia tena kitabu. Huyu Mzungu anatafuta nini? Na hii ndege iko inatua ku maji? Kwa nini huyu amekasirika? Binti alijisahau, akaanza kumjibu mama yake kabla yangu. Alikuwa anaangalia picha, na pale picha haikutosha alikuwa anahangaika na maneno ya ndani ya viduara, herufi kwa herufi, kwa Kifaransa, lugha ambayo darasani humtoa jasho. Hakuna aliyemlazimisha. Mama yake alikuwa anataka kujua.

Tulipofika kwenye askari, mama akanyamaza. Kisha akasema babu ya baba yake alikwenda mpaka Tabora. Jeshi la Kongo liliuteka mji wa Tabora Septemba 1916, tunalifundisha jambo hilo kwa mistari miwili. Lakini alichokijua yeye hakimo katika mistari yangu. Nyumbani kwao walikuwa wanasema mzee huyo hakubeba bunduki, alibeba mizigo, na mke wake alimfuata akitembea nyuma akipika, na alizaa njiani. “Huyo mutoto waliita jina yake Safari.” Binti yake aliuliza: “Bibi huyo, iko wapi mu kitabu?” Nikasema sijamwona katika kitabu. Akasema: “Basi.” Neno hilo moja tu, halafu akaenda kutafuta biki.

Wamama nao wanachora

Mama mmoja wa kikundi chetu cha AVEC, niliposimulia haya kwenye kikao, aliniuliza swali zuri. Alisema huyo Baruti ni mwanaume, wanaume wanaweza kupoteza wakati, lakini msichana anayechora ataolewa na nani? Nilimjibu kwa jina moja, Fifi Mukuna. Alizaliwa Kinshasa 1968, akasoma Académie des Beaux-Arts, akawa mchoraji wa vikatuni katika magazeti ya Kinshasa wakati karibu wote katika kazi hiyo ni wanaume. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikimbilia Ufaransa, na huko ameendelea kutoa bede. Kwa hiyo njia ipo. Sikusema ni pana.

Na siwezi kuwadanganya juu ya pesa. Wachoraji wengi wa Kongo wanaishi kwa kuchora matangazo, vibao vya maduka, vijitabu vya mashirika kuhusu kipindupindu na chanjo. Baruti mwenyewe alianza na vitabu vya kufundisha, na alipaswa kwenda mbali ili vitabu vyake vichapwe vizuri. Mtoto anayechora anahitaji ufundi mwingine pembeni, au shule mpaka mwisho. Nilimwambia yule mama hivyo hivyo. Sikumwahidi mchoraji. Nilimwomba tu amwachie mtoto shule mpaka mtihani wa mwaka wa sita, halafu tuongee tena.

Tangu wakati huo nimebadilisha namna ya kufundisha kusoma, kidogo, pale ninapoweza na watoto 60 darasani. Ninachora visanduku vinne ubaoni na kukiacha cha tatu kitupu. Kila mtoto anasema ni nini kilitokea pale katikati. Mnaweza kulifanya nyumbani bila kununua kitu, hata kwa makaa ukutani au kijiti juu ya mchanga, na hata mama asiyesoma anaweza kuongoza, maana maswali ni yale yale mnayouliza kila siku. Nani alikuja? Kwa nini amekasirika? Halafu ikawa nini? Mtoto anayejaza kisanduku kitupu anafanya kazi ile ile ambayo tunamtaka aifanye mbele ya ukurasa wa maneno. Wengine wanachora vibaya sana, na hesabu hazifundishiki hivi, nilijaribu, ikawa fujo.

Nimeomba pia AVEC yetu itenge kitu kidogo kwa sanduku la vitabu, likae kwa mama mmoja, watoto waje kusoma Jumamosi. Uamuzi bado. Kuna waliosema kwanza mbegu, na siwalaumu.

Baruti ameendelea. Mwaka 2016 alitoa na Thierry Bellefroid Chaos debout à Kinshasa, juu ya mtu wa Harlem, Marekani, aliyejishindia safari ya kuja Kinshasa kuangalia ngumi za Muhammad Ali na George Foreman mwaka 1974. Mwaka 2018 akarudi na Cassiau-Haurie katika Le Singe jaune, wakigusa jeraha la machotara wa wakati wa ukoloni, watoto wale ambao wengi wao waliondolewa mikononi mwa mama zao Wakongo. Hicho bado sijakipata. Atakayesafiri Lubumbashi na kukiona, aniambie bei kabla ya kununua.

Msichana sasa yuko mwaka wa tano. Hesabu zake bado si nzuri, mwezi uliopita alikuwa wa sita kutoka mwisho. Anasoma kwa sauti bila kushika maneno kwa kidole. Zile kurasa nilizozichana nilizibandika kwa gundi na kumrudishia, nikamwomba msamaha mbele ya darasa lile lile, na watoto walinyamaza kama kanisani, hawajawahi kuona.

Wiki mbili zilizopita nilipita kwa mama yake sokoni. Juu ya meza ya ndagala, chini ya jiwe ili upepo usichukue, kulikuwa na karatasi. Ni yeye mwenyewe amechorwa, beseni kichwani, mdomo wazi, na mbele ya mdomo kiduara kikubwa kimejaa maandishi. Akanishika mkono.

“Madamu, nisomee. Eti hapa iko nasema nini? Nimemuuliza, anakataa, anacheka tu.”

Nikamsomea.

“Ah!” akasema. “Miye nasemaka hivyo?” Na mama wa meza ya pili, bila kugeuka, akajibu: “Kila siku.”